Majina Kumi na Moja

Kamati imeniita kutoka Kirumba
na makopo mawili ya rangi ya mafuta, nyeusi na nyeupe,
niandike upya ukuta wa ikulu ya kale ya Bukolwa:
watemi kumi na mmoja,
shilingi mia tano kila herufi.
Orodha imepigwa chapa, ina muhuri.
Juu ya mawe pimbi wananitazama
kama wajumbe waliokosa posho.

Jina la nne, Ng'wandu. La tano, Kishosha.
Kati yao, vidole viwili vya chokaa.

Humo ndani ya vidole viwili
mama yangu, akimenya karanga, aliniwekea mavuno saba.

Ng'wandu alikufa masika, usiku, bila kilio.
Dada yake Nyanzobe akafunga mlango wa msonge,
akaagiza kibuyu cha maziwa kiingie alfajiri kama kawaida,
na kila alfajiri kikatoka kitupu.
Siku tisa alikunywa maziwa ya maiti,
akifuta mdomo kwa kiganja, akiwaambia walio nje:
"Mtemi hataki kelele."
Mwanawe Kishosha alikuwa bado anang'oka meno ya utoto.

Lakini Ngole Lugolola, mke mkuu, hakuwa mjinga.
Alikijua kikohozi cha mumewe;
ukimya ule haukuwa wake.
Kwao ni ng'ambo ya ghuba, kwa watu wa ng'ombe wekundu.
Akamlaza mwanawe Masalu mtumbwini, chini ya matita ya kuni,
aende kwa wajomba akalete mikuki.
Mila ilisema kiti ni cha mpwa.
Uchungu ulisema kiti ni cha mwana.
Na ngoma, ambayo bila hiyo hakuna mtemi,
Nyanzobe alikwisha kuizika ghalani,
karanga juu yake hadi kwapani.

Mitumbwi ikavuka. Ikarudi. Ikavuka.
Ghuba ikabeba watu
kama inavyobeba sasa magugumaji.

Mwaka wa saba wanawake wawili walikutana juu ya jiwe,
bila kigoda, bila mpambe,
wakagawana ningu mmoja wa kuchoma.
Kila mmoja alijua idadi ya wafu wa mwenzake.
Walipoinuka vita vilikuwa vimekwisha.
Bei ilikuwa Ng'walu.

Ng'walu, binti wa Nyanzobe, miaka kumi na minne,
aolewe na Masalu.
Wazee wakasema ni mwiko, damu imekaribiana.
Kondoo mweupe akachinjwa; mwiko ukala, ukanyamaza.
Atakayezaliwa atakuwa mpwa wa mtemi huyu
na mjukuu wa yule aliyelala;
mkuki hautapata pa kuingilia.
Hesabu safi. Hata mimi, ninayelipwa kwa herufi, naisifu.

Ila mama akifika hapo
vidole vyake hupunguza mwendo juu ya maganda.
"Daraja lenyewe halivuki, mwanangu. Hukanyagwa."
Kisha hupuliza ungo, hasemi zaidi,
na sisi sote humu nyumbani
tumetoka tumboni mwa daraja hilo.

Jina la sita ni la mtoto wake, Lusangija.
Herufi tisa. Zimo kwenye hesabu yangu.

Saa kumi jioni nilichovya brashi kwenye nyeupe.
Nilikusudia NYANZOBE; anastahili, yule mnywa maziwa.
Mkono ukaandika jingine,
fupi zaidi, nyeupe juu ya nyeupe,
tabaka tatu, nikingoja kila moja ikauke.

Mwenyekiti akaja na miwani na bahasha.
Akahesabu kumi na moja. Akapapasa ukuta.
"Hapa mbona pana uvimbe?"
"Ukuta wa zamani, mzee."
Akanilipa kumi na moja.

Jua lilikuwa linashuka upande wa ziwa,
linaanza kuupiga ukuta ubavuni.
Nikafunga makopo haraka,
nikamwahi kumgeuzia njia ya getini,
kabla zile herufi hazijapata kivuli.